Pesa za Mgeni wa Loji Zinapita Wapi?



Mwaka jana tulipokea barua kutoka kwa kikundi kimoja cha upande wa Kajiado. Walikuwa wameletewa mkataba na mtu anayetaka kujenga loji ya kifahari kwenye ardhi yao, kando ya chemchemi ambayo ng'ombe wao hunywa wakati wa kiangazi. Mkataba ulikuwa wa miaka 25. Kikundi kingepata asilimia 10 ya faida, pamoja na kile kilichoitwa "nafasi za kazi kwa vijana". Walipewa wiki sita wawe wametia sahihi. Swali lao kwetu lilikuwa fupi: "Asilimia kumi ni nyingi au ni kidogo?"

Sikuweza kuwajibu. Mimi nilisomea kazi za jamii, sikusomea hoteli. Lakini nilijua jambo moja, kwamba loji iko porini lakini pesa zake hazianzii porini, na nyingi hazifiki huko. Zinaanzia ng'ambo na hapa Nairobi. Nikawaandikia: njooni siku tatu, tuzifuate.

Walikuja watano: mwenyekiti, katibu ambaye ni mwalimu mstaafu, mama mweka hazina na wazee wawili. Walilala kwenye ukumbi wa parokia kule Kangemi. (Kwa siku zote tatu wazee waliniita Sista. Niliwaambia mimi si mtawa, nina watoto watatu. Hawakuacha.) Tuliyojifunza nayaandika hapa kwa sababu si wao peke yao walioletewa karatasi za namna hiyo.

BEI INATENGENEZWA MJINI

Siku ya kwanza tulishuka mjini kwa matatu ya Waiyaki Way, tukatembea kwa miguu hadi Barabara ya Harry Thuku. Pale kuna hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa Krismasi ya mwaka 1904. Niliwapitisha hapo makusudi. Biashara hii ya kuwapeleka wageni porini ilijengwa Nairobi tangu zamani sana. Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, safari yake iliandaliwa na kampuni ya Newland & Tarlton ya papa hapa mjini, na wapagazi wa Kiafrika kwa mamia wakabeba mizigo. Hata neno lenyewe walilichukua kwetu. Sisi tukisema safari tunaweza kuwa tunaenda Kisumu kumzika shangazi, wao wakisema safari wanamaanisha simba. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, bunduki zikawekwa chini, kamera zikashika nafasi yake. Mpango wa biashara lakini haukubadilika sana: mwenye wageni yuko mjini, mwenye ardhi yuko mbali.

Kutoka hapo tulipanda ngazi hadi ofisi moja ya watalii katikati ya mji. Kijana wa pale, mtu wa heshima, alikubali kutupa saa nzima. Alitueleza hivi.

Mgeni wa loji ya kifahari halipii chumba peke yake. Analipa kwa pamoja kitanda, chakula mara tatu, mara nyingi vinywaji pia, na gari la kwenda kutazama wanyama asubuhi na jioni. Bei inahesabiwa kwa kichwa, kwa usiku mmoja, na inapanda na kushuka kwa miezi. Kuanzia Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapokuwa Maasai Mara, bei iko juu. Krismasi pia. Aprili na Mei, mvua ndefu zikinyesha, bei inashuka na loji nyingine zinafunga milango kabisa. Hifadhi ina kiingilio chake peke yake: Mara, kwa mfano, tangu mwaka 2024 mgeni mzima wa kutoka nje hulipa dola 100 kwa siku kati ya Januari na Juni, na dola 200 kati ya Julai na Desemba. Hiyo inakwenda kwa wenye hifadhi, si kwa loji.

"Na mgeni analipa wapi?" akauliza mwalimu.

Kumbe wengi wanalipa kwao, miezi mingi kabla ya kupanda ndege. Wakala wa Ulaya au Marekani anachukua yake, kampuni ya Nairobi inachukua yake, ndipo loji inapokea. Mara nyingi wakala na kampuni kwa pamoja wanabaki na kati ya asilimia 20 na 30 ya bei iliyoandikwa. Si wizi huo. Wao ndio wanaomtafuta mgeni, wanamwekea tiketi, na mambo yakiharibika wao ndio wanaopigiwa simu usiku. Ila ni vizuri kujua.

MGENI ANANUNUA NINI HASA?

Siku ya pili tulielekea magharibi. Tulipita Kawangware, tukatokea Barabara ya Ngong pale mafundi wanapopanga vitanda na viti vyao kando ya lami, tukaendelea hadi Karen na Lang'ata. Nilitaka waone mahali panapojulikana na wageni dunia nzima, na pako humu humu Nairobi.

Pale Lang'ata kuna nyumba ya mawe iliyojengwa mwaka 1932, inaitwa Giraffe Manor. Mwaka 1974 ilinunuliwa na mume na mke, Jock na Betty Leslie-Melville, ambao walianza kulea watoto wa twiga wa aina ya Rothschild kutoka upande wa Soy karibu na Eldoret, maana twiga hao walikuwa wanakaribia kwisha. Siku hizi nyumba hiyo ni hoteli ya vyumba 12. Mgeni akikaa kunywa chai asubuhi, twiga anaingiza kichwa dirishani na kuchukua chakula mezani. Hiyo ndiyo sababu watu wanangojea nafasi kwa miezi na kulipa pesa nyingi kwa usiku. Sisi hatukuingia humo, bila shaka. Tulienda jirani, kwenye Giraffe Centre, iliyofunguliwa kwa wananchi mwaka 1983 na ambako watoto wa shule huja kwa mabasi. Mzee mmoja alimlisha twiga kwa mkono wake. Alisema amekaa na twiga maisha yake yote na hajawahi kuombwa chakula na hata mmoja.

Tuliketi chini ya mti. Nikawauliza: wale wanaolala kwenye ile nyumba wananunua nini? Mwenyekiti akasema chakula. Mzee mwingine akasema kitanda. Mama mweka hazina akacheka, akasema, "Kitanda si tumekipita Barabara ya Ngong? Kingekuwa ni kitanda, wangelala pale kwa fundi."

Nadhani hapo ndipo ziara yetu ilipozaa matunda. Mwenye loji analeta hema zuri, mpishi, gari na jina lake huko ng'ambo. Hivyo vyote vinaweza kununuliwa na mtu yeyote aliye na mtaji. Kitu ambacho hawezi kununua dukani ni ile sehemu iliyo mbele ya dirisha: mlima, wanyama wanaopita, kimya, na chemchemi inayowaleta wanyama jioni. Hicho ni cha kikundi. Katika mkataba wao kilikuwa kimeandikwa kwa mstari mmoja tu, "eneo la mradi".

Tukirudi tulisimama nje ya uwanja wa ndege wa Wilson, kwenye Barabara ya Lang'ata. Humo ndimo wageni wanamopandia ndege ndogo za kwenda Mara, Amboseli na Samburu. Mizigo inapimwa, kawaida kilo 15 kwa mtu, katika mfuko laini ili uingie kwenye tumbo la ndege. Mwalimu alitazama zile ndege zikiruka, akasema kwa sauti ya chini kwamba mgeni anaweza kutoka nje ya nchi hadi kitandani mwake porini bila kukanyaga duka hata moja la watu wa huko. Ni kweli. Ndiyo maana yule anayeahidi kwamba "biashara zenu zitachangamka" inafaa aulizwe, zitachangamka vipi?

USIKU MMOJA LOJINI

Wazee waliniuliza kama nimewahi kulala kwenye loji. Niliwahi, mara moja, nilipoalikwa kwenye semina. Nitawaambia ukweli: palikuwa pazuri mno. Uliamshwa na chai kabla ya jua. Ulipelekwa kutazama tembo ukiwa umefunikwa blanketi. Usiku, nilipoingiza miguu kitandani niligusa kitu cha moto, nikaruka hadi mlangoni nikipiga kelele. Kilikuwa chupa ya mpira iliyotiwa maji moto na kuwekwa shukani ili mgeni asisikie baridi.

Asubuhi nilimtafuta kijana aliyeiweka. Alikuwa mtu wa pale pale. Mpishi mkuu alitoka Nairobi, mhasibu alitoka Nairobi, meneja alitoka nchi nyingine. Watu wa pale walikuwa walinzi, wasafishaji, na yule kijana wa chupa. Sidharau kazi hizo, zinalipa karo. Lakini mkataba unaosema "nafasi za kazi" bila kusema ni ngapi, za daraja gani, na nani atasomeshwa ili baada ya miaka mitano awe mpishi au mhasibu, hausemi kitu. Chuo cha Utalii kipo Nairobi tangu mwaka 1975. Mwenye loji anaweza kuandika kwamba atalipia vijana wawili kila mwaka. Ni jambo dogo kwake.

Jambo jingine niliona pale, ni maji. Kila mgeni anaoga asubuhi na jioni. Shuka na taulo zinafuliwa. Kuna jikoni, kuna bustani, na mbele ya baraza kulikuwa na bwawa la kuogelea. Niliposimulia hayo, mama mweka hazina alinikatiza. "Maji hayo yalitoka wapi?"

Tulifungua mkataba wao, kurasa 31, tukasoma kila mstari kwa taa ya ukumbi. Chemchemi ilitajwa mara moja: mwekezaji angekuwa na "matumizi yasiyozuiliwa ya vyanzo vya maji vilivyomo". Hakuna aliyekuwa ameliona jambo hilo, maana macho ya wote yalikuwa kwenye asilimia 10.

HESABU YA UBAONI

Siku ya tatu tulichukua ubao na chaki. Hizi si hesabu za loji fulani, ni mfano tulioutunga ili tuelewe.

Tuseme mgeni amelipa dola 400 kwa usiku. Wakala na kampuni wanabaki na robo, yaani dola 100. Loji inapokea 300. Ndani ya hizo 300 mna kodi ya VAT asilimia 16 na ushuru wa utalii asilimia 2, jumla kama dola 46. Zinabaki 254. Kutoka hapo mwenye loji ananunua chakula na mafuta ya gari, analipa mishahara, analipa deni la benki, bima, vibali na matangazo. Kinachobaki baada ya hayo yote ndicho kinaitwa faida.

Sasa angalia. Mauzo ni kitu kinachoonekana: wageni wangapi wamelala, kwa bei gani. Faida inaonekana kwa yule tu anayeshika vitabu. Mwenye loji anaweza kuwa na kampuni nyingine ya usimamizi huko mjini, loji ikailipa kampuni hiyo "ada ya usimamizi". Anaweza kuikopesha loji yake mwenyewe na kujilipa riba. Yote ni halali, na mwisho wa mwaka vitabu vinaonyesha hasara. Asilimia 10 ya hasara ni sifuri. Na miaka ya kwanza, loji inapolipa deni la ujenzi, hata mtu mwaminifu kabisa anaweza kukosa faida.

Tukalinganisha. Loji ya mahema 12 ina vitanda 24. Vikijaa nusu tu ya mwaka mzima, hiyo ni vitanda 4,380 vilivyolaliwa. Kama kikundi kinapata dola 20 kwa kila kitanda kila usiku, ni dola 87,600 kwa mwaka. Kama kikundi kinapata asilimia 10 ya faida, na faida iliyoandikwa ni dola 50,000, ni dola 5,000. Mwalimu alirudia hesabu mara tatu akidhani amekosea nukta.

Malipo kwa kitanda yana ubaya wake. Wageni wasipokuja hakuna kitu. Mwezi Machi 2020 nchi ilifungwa kwa sababu ya korona na ndege za kutoka nje hazikurudi hadi Agosti. Loji zilibaki na nyani tu. Kwa hiyo ni heri kuwe na vyote viwili, kodi ya ardhi isiyobadilika, ilipwe wageni wawepo wasiwepo, na juu yake malipo ya kila kitanda. Malipo ya vitanda yanaweza kukaguliwa na mtu yeyote anayejua kuhesabu, kwa kutazama daftari la wageni. Hilo nalo liandikwe, kwamba daftari litafunguliwa kwa kikundi kila mwezi.

Wengine wamefanya nini? Nitataja mifano miwili. Il Ngwesi, kule Laikipia, wanajamii wenyewe ndio wenye loji. Ilifunguliwa mwaka 1996 kwa msaada wa wafadhili na majirani zao wa Lewa, na mwaka 2002 ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mapato yamesaidia karo na mambo mengine ya jamii. Njia hiyo ina heshima, lakini ukiwa mwenye loji basi na hasara ni yako, na lazima uwe na mtu mjini wa kukutafutia wageni. Wa pili ni Mara Naboisho, mwaka 2010. Pale wenye mashamba zaidi ya 500 waliunganisha ardhi yao, na kampuni za kambi za wageni zinawalipa kodi ya kila mwezi kulingana na ukubwa wa shamba la mtu, si kulingana na idadi ya wageni. Korona ilipokuja hifadhi za Mara zilitikisika, kodi ikapunguzwa, kwa hiyo hata "isiyobadilika" ilibadilika. Wanachama hao pia wamekubali masharti juu ya kuchunga na kujenga, na si kila familia iliona jambo hilo kuwa rahisi. Mwulize mwenye ng'ombe.

SHERIA INASEMAJE?

Kwa kifupi. Kama ardhi yenu ni ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 inasema mkataba wa uwekezaji hauwi halali mpaka ukubaliwe na theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa kwa kusudi hilo. Mwenyekiti na katibu hawawezi kutia sahihi kwa niaba ya wote hotelini. Theluthi mbili hiyo ni pamoja na akina mama. Lazima pia kuwe na uchunguzi wa athari kwa mazingira, na kibali cha NEMA. Kuhusu maji, Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaweka matumizi ya nyumbani mbele ya matumizi mengine yote, na anayetaka kuvuta maji kwa biashara sharti apate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Basi, ile "wiki sita" ilikuwa haina msingi. Haraka ilikuwa ya mwekezaji peke yake.

Neno kwa wale wasio na ardhi ya loji lakini wanataka kuiuzia mboga. Jiandae kungoja malipo, kwani mahoteli mengi hulipa baada ya siku 30 au zaidi, na kikundi kisicho na akiba kitakufa katikati. Andikisheni kikundi, pateni namba ya PIN ya KRA, na mjue kwamba tangu mwaka 2024 mnunuzi anahitaji risiti ya eTIMS ili gharama yake ihesabiwe. Tena msianze na letusi. Anzeni na mayai na viazi, ambavyo havinyauki barabarani. Dereva mmoja wa lori la loji alituambia Kangemi kwamba hununua vitunguu soko la Wakulima, akavipeleka hadi kwenye loji akipita mashamba ya vitunguu njiani. Alipoulizwa sababu alisema: Wakulima anapata gunia sawa kila Jumanne, kule njiani Jumanne moja vipo na nyingine havipo.

Wageni wangu waliondoka Jumapili alasiri kwa basi. Walikuwa na mkataba uleule, bila sahihi, na karatasi moja ya mwalimu yenye mambo manne: kodi ya ardhi kwa ekari, dola kwa kila kitanda, daftari la wageni wazi, na chemchemi itolewe kabisa katika "eneo la mradi", loji ichimbe kisima chake penginepo.

Mkutano ulifanyika mwezi wa pili. Mwekezaji alikubali mambo mawili ya kwanza, ingawa kwa dola 12 badala ya 20. Daftari alisema atafikiria. Kuhusu chemchemi alisema bila maji yale wanyama hawatakuja mbele ya mahema, na bila wanyama hakuna loji. Mama mweka hazina alisimama akasema wanyama wamekunywa pale pamoja na ng'ombe tangu zamani na hakuna aliyewafukuza, wataendelea kunywa. Kinachokatazwa ni bomba. Mazungumzo yanaendelea, na watu wamekubaliana hakuna kalamu itakayoshikwa kabla ya jibu la bomba.